Mashine Iliyomwogopa Mama Mkwe

Niseme mapema kabisa: nilionywa. Mke wangu aliniambia twende Kibirizi tupande boti ya abiria kama watu wengine, tulipe nauli, tukae juu ya magunia ya watu, tufike salama. Nikakataa. Nilikuwa na boti yangu, ya mbao, ina miezi miwili tu mikononi mwangu, na nyuma yake inaning'inia mashine ya farasi 15. Mwanamume mwenye boti ampeleke mama mkwe harusini kwa boti ya mtu mwingine? Ujiji nzima ingesema nini?

Harusi yenyewe ilikuwa Mwamgongo, ng'ambo ya Hifadhi ya Gombe ukitokea huku kwetu mjini. Kigoma ni mwisho wa reli, wote mnajua. Ukishafika mwisho wa reli na bado una safari ya kwenda vijiji vya kaskazini, barabara yako ni ziwa.

Mashine niliinunua kwa mzee mmoja aliyeacha uvuvi. Kifuniko chake cha juu kilifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na rangi yake ya asili ilikuwa imebaki kwenye pembe tu. Mzee akaniambia, "Hii ni nzee lakini haina maneno." Nikaamini. Halafu nikafanya kosa ambalo wanaume wengi wa umri wangu tunalifanya siku hizi: nikaangalia video. Wiki tatu mfululizo nilikuwa nikilala na simu usoni, natazama mafundi wa nchi za mbali wakifungua kabureta na kuifunga. Nikajua petroli ya lita 20 inataka oili mililita 400, kwa maana ya lita 1 kwa lita 50. Nikajua plagi iliyolowa ni nini na plagi kavu ni nini. Yaani nilijua kila kitu, isipokuwa mashine.

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Ujiji na ameuza mawese tangu mke wangu hajazaliwa. Ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Nina miaka tisa kwenye ndoa na bado nikiwa mbele yake napungua urefu. Chakula siwezi kula akiwa ananitazama, tonge linakwama. Sijawahi kumwambia "hapana," na wala sijawahi kumwelekeza afanye jambo lolote, hata kumwambia "mama pita huku" huwa namtuma mke wangu. Ukwe wa namna hiyo.

Siku ya safari akafika ufukweni saa moja na nusu asubuhi na mizigo yake: dumu la mawese la lita 20, mkeka mpya wa bibi harusi, kuku wawili waliofungwa miguu, na kigoda chake cha mninga cha miguu mitatu, alichochongewa na marehemu mumewe. Hicho kigoda huenda nacho kila mahali. Misibani wenzake wanakaa mkekani, yeye yuko juu ya kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Hiyo mashine inawaka?"

"Inawaka sana mama."

Nikavuta kamba mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikanguruma. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakageuka kutazama, nami nikatazama maji kama nahodha aliyechoka kusifiwa. Hapo ikatokea aibu ndogo ya kwanza. Mashine hizi zina tundu dogo ubavuni linalorusha mchirizi wa maji ya kupoozea, na ukiuona mchirizi ule unajua pampu ya maji inafanya kazi. Watu wa ziwani wana neno lao moja tu kwa jambo hilo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na breki, akapaza sauti kutoka mbele, "Shemeji, inakojoa?"

Mbele ya mama mkwe.

"Inatoa maji," nikajibu, nikiwa naangalia mlima.

"Lakini inakojoa vizuri?"

"Inatoa maji vizuri."

Tukaondoka. Mke wangu na mama mkwe walikaa ubao wa mbele, shemeji katikati na kuku. Maboya tulivaa wote, mama mkwe alivaa la kwake juu ya kanga akaonekana kama askari mstaafu. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza kuamka, na kila wimbi likigonga ubavu linarusha maji mbele. Baada ya kurushiwa mara tatu, mama mkwe akainuka, akachukua kigoda chake, akaja nyuma. Akakiweka kati yangu na tangi la mafuta, akakikalia, akajifunga kanga vizuri.

"Nataka nione mkwe wangu anavyoendesha," akasema.

Jamani. Sentensi hiyo niliisubiri miaka tisa. Nikanyoosha mgongo, nikaongeza mafuta kidogo, boti ikanyanyua pua. Kama dakika moja hivi nilikuwa mkwe bora kuliko wote Mkoa wa Kigoma.

Halafu mashine ikakohoa. Ikashusha sauti taratibu, kama mtu aliyekuwa akisimulia kwa furaha akaona mtu anayemdai anaingia. Ikazimika.

Tulikuwa tumeikaribia Kalalangabo, mbali na ufuko kiasi kwamba unaiona mitumbwi lakini humjui aliyemo. Nikatabasamu. "Kitu kidogo tu hiki mama," nikasema, nikaanza kufuata darasa langu la simu.

Kwanza klipu nyekundu ya kuzimia, ile yenye kamba inayofungwa mkononi ili ukianguka majini mashine izime yenyewe. Ipo mahali pake. Gia iko nyutro. Nikashika kile kipampu cha mpira kilicho kwenye mpira wa mafuta, kinachofanana na embe dogo, ambacho unakiminya kusukuma mafuta kwenda kwenye mashine. Kilikuwa kigumu kama embe bichi la Novemba. Kwenye video wanasema ukiminya mpaka kikawa kigumu, basi kabureta imejaa.

"Mafuta yapo!" nikatangaza. Tafadhali likumbuke hilo embe.

Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Nikavuta choki, nikavuta kamba, nikarudisha choki, nikavuta kamba. Mara ya kumi na tano nikavua koti la harusi. Mara ya ishirini na tano nikavua tai. Shemeji akatoa ushauri wake wa kitaalamu: "Imelewa mafuta hiyo." Nikaona kaongea kitu. Nikafungua mafuta yote, choki nikaiacha, nikavuta mara kumi nyingine ili ipumue. Kimya. Kuku mmoja akacheka. Najua kuku hachekagi, lakini mimi nilikuwepo.

"Sasa tunaingia kwenye umeme," nikasema, kwa sauti ya daktari anayeita ndugu wa mgonjwa pembeni.

Nikatoa spana, nikafungua plagi zote mbili. Kavu. Kavu kabisa, kama dagaa wa siku tatu juani. Mtu yeyote anayejua mashine, hata mtoto wa fundi, angeziona plagi zile akaniambia: ndugu yangu, umevuta kamba mara hamsini na plagi ni kavu, basi mafuta hayafiki. Yaani jibu nililishika kwa vidole viwili mbele ya macho yangu. Nikalipuliza vumbi, nikasema, "Safi sana hizi."

Nikairudisha moja, nikaikaza. Ya pili nikaichomeka kwenye waya wake, nikaishika kwa mkono ikigusa chuma cha mashine ili nione cheche. Kwenye video fundi alikuwa ameishika kwa koleo lenye mpira. Mimi nilikuwa na vidole. "Vuta," nikamwambia shemeji. Akavuta, tena kwa nguvu zile za mtu aliyekula ugali wa muhogo tangu utoto.

Cheche ilikuwepo. Ilipita kidoleni, ikapanda kiwiko, ikanisalimia kwenye meno. Nikaruka, spana ikaruka, na mdomo wangu ukatoa neno. Sitaliandika. Ni neno ambalo wanaume huambiana wakipakia magogo, nalo lilitoka zima, likasikika vizuri juu ya maji.

Spana ikasema "chubwi." Ziwa Tanganyika penye kina kikubwa lina mita 1,470. Pale tulipokuwa hapafiki huko, lakini spana ile sidhani kama iliuliza.

Mama mkwe akageuza uso wake taratibu, akatazama milima ya Kongo. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Plagi ya pili nikaikaza kwa vidole. Hapo shemeji, badala ya kukaa kimya kama binadamu, akakumbuka historia. "Shemeji, eti meli ya Liemba ilizamishwa 1916, ikalala chini ya maji mpaka 1924, halafu mwaka 1927 ikaanza kubeba watu tena. Sisi tumezima dakika arobaini tu." Ni kweli, na aliyesoma shule Kigoma lazima aliisikia hiyo: Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nene, ndiyo maana zilifufuka. Mimi ya kwangu nilikuwa nimeipaka mate tu, kwa kuipigia kelele.

Mama mkwe akaona jambo limekuwa kubwa. Akasimama, akashika bega la binti yake, akainua mikono na kuanza dua. Dua ndefu, ya kutoka moyoni. Mimi sikutaka kuonekana nimesimama tu wakati wengine wanaomba, nikavuta kamba.

Ikawaka!

Ilikuwa inapiga mluzi pale penye plagi ya vidole, lakini iliwaka. "Amina!" wakasema wote. "Alhamdulillahi," akasema mama mkwe, akakaa kwenye kigoda chake. Nikatia gia, tukaenda. Hata mita mia hazikufika. Ikakohoa, ikakumbuka deni, ikazima.

Akasimama tena kuomba. Nikavuta, ikawaka. Akakaa. Ikazima.

Shemeji akapiga goti kwa kucheka. "Hii mashine ina adabu! Mama akisimama inasimama, mama akikaa na yenyewe inakaa!"

Ona sasa. Mtoto wa miaka kumi na tisa, asiyejua kabureta iko wapi, alitamka ugonjwa wote kwa ukamilifu, na mimi mwenye wiki tatu za video nikamwambia anyamaze aheshimu wazazi. Mama mkwe naye hakucheka. Akavuta kanga kichwani, akasema polepole, "Huu ni mkono wa mtu. Kuna mtu hakualikwa kwenye hii harusi." Wakaanza kuhesabu na binti yake ni nani hakualikwa. Walifika tisa.

Tuliokolewa na vijana wawili wa mtumbwi waliotuvuta mpaka Kalalangabo. Njiani walizungumza wao kwa wao Kiha, taratibu, wakiniangalia. Nilishukuru kwamba Kiha changu ni cha sokoni.

Ufukweni wakaita fundi. Nilitegemea mzee mwenye mvi za grisi. Akaja kijana pekupeku, bisibisi moja mfukoni, spana moja begani, na muwa mdomoni. Hakuniuliza kitu. Akafungua kifuniko, akagusa plagi ya pili, ikazunguka.

"Nani kaikaza hii?"

Nikatazama milima ya Kongo.

Akaikaza, akatushusha sote, akaisukuma boti kwenye maji ya kiuno. Akavuta kamba mara moja. Moja! Mashine ikanguruma kama ya jana dukani. Akaiacha iungurume pale dakika kama kumi huku yeye anamalizia muwa.

"Mashine nzima, bosi. Elfu tano."

Nikalipa nikiwa na uchungu wa mtu aliyepelekwa hospitali na jino, akafika kwa daktari jino likapona. Tukapanda. Mama mkwe akakaa. Tukaondoka kwa kupungiwa mikono, tukazima mbele ya hao hao waliotupungia.

Wakatuvuta. Tukashuka. Fundi akavuta kamba, ikawaka. Tukapanda, ikazima. Kufikia hapo watoto wote wa kijiji walikuwa wamejipanga mchangani, na wengine wameanza kutabiri.

Fundi akatema muwa. Ndipo nilipojua huyu ni fundi kweli, maana aliacha kuiangalia mashine akaanza kutuangalia sisi. "Pandeni mmoja mmoja," akasema, mashine ikiwa inaunguruma na boti imeshikwa na vijana wawili.

Nikapanda mimi. Inaunguruma. Akapanda mke wangu. Inaunguruma. Shemeji. Inaunguruma. Wakaletwa kuku, kwa sababu fundi hakutaka kumwonea mtu. Inaunguruma. Dumu la mawese, mkeka. Inaunguruma. Akapanda mama mkwe, akasimama. Inaunguruma vizuri kabisa. Akaweka kigoda chini. Akakikalia.

Watoto wakaanza kuhesabu kwa pamoja. "Moja! Mbili! Tatu!" Fundi akaongeza mafuta. Walipofika arobaini na sita, mashine ikakohoa. Arobaini na nane, kimya.

Fundi akainama kwenye ukingo wa boti kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nimeshasema alikuwa pekupeku. Akachungulia chini, akabaki pale muda kidogo, halafu akainuka na uso wa mtu aliyebeba habari ya msiba. Akanivuta pembeni, maji yakitufika magotini, akaninong'oneza:

"Bosi. Mguu wa kigoda umekanyaga mpira wa mafuta."

Nikageuka nikatazama. Kweli. Mpira ulitoka kwenye tangi, ukapita kwenye lile embe, ukalala sakafuni ukielekea kwenye mashine, na katikati ya safari yake umekaliwa na mguu mmoja wa mninga, na juu ya mninga yuko mama wa mke wangu. Embe lilikuwa gumu kwa sababu mafuta hayakuwa na pa kwenda. Mashine ilikuwa ikiwaka kwa yale machache yaliyopita akiwa amesimama, ikiyamaliza basi.

"Mwambie anyanyuke," nikamwambia fundi.

"Mimi?" Akarudi hatua moja nyuma. "Yule ni wa umri wa mama yangu mkubwa. Na ni mkweo, siyo mkwe wangu. Kuwasha mashine ni elfu tano. Kumnyanyua mama mkwe wa mtu, hiyo sina bei yake."

Nikamwendea mke wangu. Akasikiliza, akaziba mdomo na kanga, mabega yakaanza kutikisika. "Mashine ya nani?" akaniuliza. "Yangu." "Basi mwambie wewe." Nikamtafuta shemeji. Shemeji alikuwa ameshajitupa majini, anacheka chini ya maji, mapovu tu yanaonekana.

Nikabaki mimi. Nikasogea. Kijiji kizima kikanyamaza, hata wale watoto.

"Mama," nikasema, "samahani sana mama."

"Bila samahani mwanangu."

"Eti mama... hapo... hicho kigoda..."

"Kigoda kimefanyaje?"

"Hakijafanya kitu mama. Kigoda ni kizuri. Ila chini... kuna mafuta..."

"Mafuta yangu yamemwagika?!"

Akaruka. Mwanamke anayesumbuliwa na magoti mwaka wa nne aliruka kama samaki mgebuka, akakimbilia dumu lake la mawese na kuanza kulipapasa pembe zote. Sikusubiri. Nikakidaka kigoda kwa mkono mmoja na mpira kwa mkono mwingine, nikavuta. Pale ulipokanyagwa palikuwa na kovu la duara, safi, la saizi ya shilingi mia. Fundi akavuta kamba. Mashine ikalia.

Mama mkwe alipogeuka kunieleza kwamba dumu ni zima, akanikuta nimesimama nimeushika mpira wa mafuta juu kama mwindaji aliyeua nyoka, na kigoda chake kwapani. Akautazama mpira. Akakitazama kigoda. Akanitazama mimi.

"Kumbe nilikuwa nimeukalia."

Watu wote wa Kalalangabo waligeuka wakatazama Kongo.

"Tangu saa ngapi unajua?"

"Sasa hivi tu mama, wallahi."

"Na tangu saa mbili nyie watu mnaniombesha dua."

Akanyoosha mkono. "Lete." Nikadhani anataka kigoda. Akataka mpira. Akakalia kigoda mahali pengine, akaupakata mpira mapajani juu ya kanga kama mtoto mchanga, lile embe likiwa kwenye kiganja chake cha kulia, na kutoka Kalalangabo mpaka Mwamgongo hakuuachia. Kila baada ya muda analiminya kidogo, bila kuambiwa. Mashine haikukohoa hata mara moja.

Ya harusini sitayasema mengi. Tulifika ndoa imeshafungwa, tukala pilau iliyopoa. Jioni nilimsikia mama mkwe akiwasimulia wanawake wenzake, sauti imepanda, kwamba mashine ilikuwa imekufa kabisa katikati ya ziwa, mkwe wake amehangaika mpaka akatoa neno, fundi wa Kalalangabo ameshindwa, mpaka yeye alipoushika mpira kwa mkono wake. "Neno gani?" wakauliza. Akawaambia. Nilisikia kicheko mpaka upande wa wanaume.

Usiku nikalala na tangi la mafuta chumbani, maana niliogopa wezi. Harufu ikawa kali, nikaikaza ile skrubu ndogo ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Kitendo cha busara kabisa, kila mtu angefanya.

Kesho yake tukaanza kurudi. Mwendo mzuri, mama mkwe na mpira wake mapajani. Tulipokuwa tunaipita Gombe mashine ikakohoa. Ikashusha sauti. Ikazima.

Shemeji na mke wangu wakageuka kumtazama mama mkwe. Yeye alikuwa ameshasimama wima katikati ya boti, kigoda amekiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili watu wote waone.

"Safari hii si mimi!"

Ufukweni kundi la nyani lilikuwa limekaa mchangani. Pale Gombe mwaka 1960 alikuja Jane Goodall akakaa porini kuwatazama sokwe. Sisi siku ile tulikuwa tunatazamwa na nyani, na mmoja alikuwa amejishika kidevu. Nikashika kamba nianze upya darasa langu. Klipu, nyutro, choki.

"Mkwe wangu, ngoja kwanza," akasema mama mkwe. Alikuwa ameliokota lile embe, analibonyezabonyeza. "Jana hili lilikuwa gumu. Leo limenywea, tazama, limegandana tumbo na mgongo."

Nikatazama. Kweli limebonyea, halirudi.

"Hilo tangi lako linapumua wapi?"

"Mama?"

"Dumu la mawese likijaa, ukiliinamisha halitoi kitu, linanyonya tu. Mpaka ulitoboe pembe ya pili lipate hewa. Hilo lako umelitoboa wapi?"

Nikainama kwenye kifuniko cha tangi. Nikaishika ile skrubu ya hewa, nikaizungusha nusu mzunguko. Tangi likavuta pumzi, fyuuuu, ndefu, ya mtu aliyezibwa pua tangu usiku. Embe likajaa mkononi mwa mama mkwe.

Nikavuta kamba mara mbili, ikawaka. Mama mkwe akateremsha kigoda, akachungulia chini ya mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo akakaa.

"Shemeji!" akaita yule kijana kutoka mbele. "Inakojoa?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akainamia ukingo, akaangalia.

"Inakojoa," akamjibu. "Twende."